Pedi za seramiki kwa gari la spoti: barabara yako ndiyo iamue

Katika maduka ya spea ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, pedi za breki kwa miaka mingi zimeulizwa kwa jina la gari tu. Mteja husema "nipe za Altezza" au "nipe za Subaru," muuzaji huchomoa boksi rafuni, bei hupatana, na fundi hufunga kabla jua halijazama. Siku hizi limeongezeka swali jingine: "Seramiki zipo?" Anayeuliza mara nyingi ni kijana aliyekwishatumia fedha nyingi kwenye rimu, ekzosi na springi fupi, na sasa amefika kwenye breki. Ni hatua ya kupongezwa. Gari likiongezewa mbio bila kuangaliwa namna litakavyosimama, anayelipia pengo hilo mara nyingi ni mtu aliyekuwa akivuka barabara.

Tatizo ni jibu analopewa. Huambiwa kwamba seramiki ni za kisasa, ni ghali, na kwa hiyo zinashika kuliko pedi zote. Mawili ya kwanza ni kweli. La tatu si kweli kwa kila hali, na kwa mtu anayependa mwendo ndilo la hatari. Pedi bora kwa gari la spoti haipatikani kwa kuangalia nembo ya gari wala bei ya boksi. Inapatikana kwa kujua joto ambalo breki zako zitafikia kwenye barabara unazopita kweli.

Nitayazungumzia zaidi magari mawili, kwa sababu ndiyo yanayobeba mapenzi ya vijana wengi wa Tanzania na Kenya. Toyota Altezza ilizinduliwa Japani mwaka 1998. Toleo la RS200 lina injini ya lita mbili yenye nguvu farasi 210, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na mwaka huohuo wa kwanza lilitwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini Japani. Subaru Impreza haihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Afrika Mashariki: Colin McRae alishinda nayo Safari Rally mwaka 1997, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Yote mawili huja kwetu yakiwa yametumika, mengine yakiwa na umri wa miaka ishirini na zaidi, na breki zake zimepita mikononi mwa mafundi wengi. Hilo lina uzito katika uamuzi wa pedi, na nitalirudia mbele.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo dukani huchanganywa. Porsche ilipofunga diski za kaboni na seramiki kwenye 911 GT2 mwaka 2001, na Ferrari ilipofanya hivyo kwenye Enzo mwaka 2002, kilichokuwa cha seramiki kilikuwa diski yenyewe. Diski ya aina hiyo ina karibu nusu ya uzito wa diski ya chuma, huvumilia moto mkali sana, na seti yake mpya hupita bei ya Altezza iliyotumika. Pedi za seramiki zinazouzwa Gerezani ni kitu kingine kabisa. Zinasugua diski ya kawaida ya chuma, na zimetengenezwa kwa ajili ya diski hiyo tu. Muuzaji anayekuambia kwamba boksi lake lina "teknolojia ya Ferrari" ama hajui anachouza, ama anajua na anakudanganya.

Sasa tuangalie kinachotokea unapokanyaga pedeli. Gari lililo kwenye mwendo lina nishati, na nishati hiyo haipotei. Breki huigeuza kuwa joto. Altezza yenye dereva ndani ina takriban kilo 1,400. Ikiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, inabeba kilojuli 540, joto ambalo lingechemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji ya bomba. Joto hilo lote huzaliwa kwa sekunde chache kati ya diski na vipande vya pedi visivyozidi ukubwa wa kiganja, na sehemu kubwa yake huenda mbele, kwa sababu gari likipunguza mwendo uzito huhamia magurudumu ya mbele. Mwendo ukipungua hadi kilomita 50 kwa saa, joto hushuka hadi robo, yaani kilojuli 135. Ukipanda hadi 140, hufika kilojuli 1,058, karibu mara mbili ya lile la 100. Kwa hiyo anayezoea 140 anahitaji breki za daraja jingine kabisa, hata kama gari lake na la jirani yake yametoka kiwanda kimoja siku moja.

Watu wamekuwa wakipambana na joto hili tangu enzi za farasi. Herbert Frood, Mwingereza wa Derbyshire, aliwaona wachukuzi wa mikokoteni wakitumia viatu vikuukuu kwenye breki za mbao ili zishike mteremkoni. Mwaka 1897 alianza kutengeneza kitu bora zaidi, na kazi yake ndiyo iliyozaa kampuni ya Ferodo ambayo boksi zake bado zinauzwa madukani kwetu. Vifaa vyake vya mwanzo, pamba iliyoloweshwa lami, viliungua magari yalipoongeza mwendo. Mwaka 1908 akageukia asbestosi, madini yasiyoungua, na kwa miongo mingi dunia nzima ilisimama kwa asbestosi. Gharama yake iliwaangukia wafanyakazi wa viwandani na mafundi waliokuwa wakipuliza vumbi la breki kwa mdomo: magonjwa ya mapafu na kansa. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku hiyo mwaka 2005. Fundi wako akivua ngoma ya gari la zamani, mwombe asipulize lile vumbi. Aliloweshe maji na kulifuta kwa kitambaa.

Diski nayo ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Frederick Lanchester aliiandikia hataza Uingereza mwaka 1902, lakini ilibidi kusubiri nusu karne ndipo ikang'ara. Mwaka 1953 Jaguar walipeleka C-Type zenye breki za diski za Dunlop kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, na wakashinda. Wapinzani wao wenye breki za ngoma walilazimika kupunguza mwendo mapema kila walipokaribia mwisho wa barabara ndefu ya Mulsanne, na kadiri saa zilivyopita breki zao zilichoka. Za Jaguar zilibaki zilezile asubuhi kama zilivyokuwa jioni. Hiki ndicho kipimo cha breki za gari la spoti hadi leo: mkanyago wa ishirini ufanane na wa kwanza.

Baada ya asbestosi kuonekana ni sumu, viwanda vilijaza pedi zao nyuzinyuzi za chuma. Pedi hizo, tunazoziita za nusu chuma, zinavumilia moto na zinapitisha joto vizuri, lakini hupiga kelele, hula diski, na humwaga vumbi jeusi linaloganda kwenye rimu. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Kijapani ya Akebono ikaja na jibu la pedi za seramiki. Ndani yake kuna nyuzinyuzi za seramiki, unga wa madini mbalimbali, mara nyingi shaba kidogo, na vyote hushikwa pamoja na gundi ya rezini iliyookwa kiwandani. Lengo lilikuwa gari la familia la Mjapani na Mmarekani: lisimame kimya, rimu zibaki safi, diski idumu.

Tafadhali zingatia lengo hilo, maana ndilo linaloeleza mazuri na mapungufu ya pedi hizi. Ukimya wake ni wa kweli. Vumbi lake ni la rangi hafifu na haling'ang'anii sana. Diski hudumu zaidi kuliko chini ya pedi zenye chuma kingi. Pedeli hujibu kwa namna ileile asubuhi ya baridi ya Njombe na mchana wa joto la Dar. Kwa Altezza inayoamkia foleni ya Barabara ya Morogoro, ikijibana kati ya daladala na bodaboda hadi katikati ya mji, hakuna aina ya pedi ninayoiona inafaa zaidi. Gari kama hilo hukanyagwa breki mara mamia kwa siku, ila kwa mwendo mdogo, na diski zake hazifikii joto la kutisha.

Mapungufu huanza pale joto linapopanda na kukataa kushuka. Rezini inayoshika pedi huanza kuvunjika kuanzia nyuzi joto 300 hivi na kuendelea. Ikivunjika hutoa gesi, gesi hujipenyeza kati ya pedi na diski, na pedeli iliyo ngumu chini ya mguu wako haipunguzi mwendo. Kila pedi yenye rezini ina hatari hiyo. Tofauti ni kwamba pedi nyingi za seramiki za mjini zimechanganywa kwa ajili ya ukimya na usafi, na mtengenezaji hakukusudia ziishi kwenye joto hilo. Pedi za nusu chuma zilizotengenezwa kwa ajili ya mwendo wa kasi hulivumilia kwa muda mrefu zaidi. Zipo pia pedi za seramiki zilizoboreshwa kwa magari ya spoti, na baadhi yake ni nzuri sana, lakini hata hizo watengenezaji wengi huziandika kuwa ni za barabarani na si za mashindano. Boksi likiandikwa hivyo, liamini.

Chukua mlima wa Kitonga. Anayetoka Iringa kuja Dar es Salaam huushuka mlima ule akiwa na kona baada ya kona, malori mbele na malori nyuma, na bonde upande mmoja. Mteremko una hesabu yake: kila gari la kilo 1,400 linaposhuka mita 100 za wima, linaachia nishati sawa na ile ya kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa mara mbili na nusu. Dereva akishuka kwa kukalia pedeli, joto hilo lote huingia kwenye diski na halipati nafasi ya kutoka, na diski huweza kupita nyuzi joto 400. Barabara nyembamba ya kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ina tabia hiyohiyo, ingawa mwendo ni mdogo. Hapa dawa ya kwanza ni gia. Shuka kwa gia ndogo, injini ishike gari, kisha kanyaga breki kwa nguvu kidogo kwa muda mfupi na uachie ili zipumue. Hata mwenye gari la otomatiki anaweza kuvuta gia chini, na Altezza za otomatiki zina nafasi hizo. Dereva anayeshuka hivyo anaweza kutumia seramiki nzuri akafika Ruaha Mbuyuni, chini ya Kitonga, salama. Dereva anayeshuka kwa mbio, akichelewesha breki hadi mdomoni mwa kona, seramiki za mjini si zake.

Kosa la upande wa pili lipo pia, na huwakuta wale wanaopenda gari zaidi. Kijana anaagiza pedi za mashindano kutoka nje, anazifunga kwenye Impreza yake, na anaamini sasa ana breki bora mjini. Pedi za mashindano zinahitaji moto ili zishike. Breki za kaboni za Formula 1 hupanda hadi karibu nyuzi joto 1,000 na zikiwa baridi hazishiki inavyotakiwa. Pedi kali za mbio zina tabia ya namna hiyo kwa kiwango kidogo. Mtoto akikatiza mbele yako saa kumi na mbili asubuhi, mita mia mbili kutoka nyumbani, pedi hizo bado ni baridi, na mkanyago ule wa kwanza ndio unaohesabika. Mimi siwezi kumshauri mtu yeyote azifunge kwenye gari la kwenda kazini, hata kama ana fedha ya kununua seti kumi.

Breki zikigoma mlimani, lawama zote huangushiwa pedi, ilhali mara nyingi aliyekosea ni mafuta ya breki. Mafuta haya, yale ya kawaida, hunyonya unyevu kutoka hewani hata yakiwa ndani ya mfumo uliofungwa. Daraja la DOT 3 likiwa jipya halichemki kabla ya nyuzi joto 205. Likishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, mvuke hubanwa kirahisi, na pedeli huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Hapo hata pedi ya bei gani haiwezi kukusaidia. Hewa ya Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa ina unyevu mwaka mzima, na magari mengi yaliyotumika hufika na mafuta ambayo hakuna ajuaye yaliwekwa lini. Anayenunua pedi za seramiki kwa bei kubwa na kuacha mafuta meusi yaliyomo, amefanya nusu ya kazi. Badilisha kila baada ya miaka miwili, tumia DOT 4 au 5.1 kulingana na maelekezo ya gari, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na ni jamii nyingine kabisa licha ya kufanana kwa namba.

Tufike sasa dukani. Shika pedi yenyewe mkononi, maana boksi linaweza kuchapishwa popote. Geuza uangalie ubavuni au mgongoni mwa bamba la chuma. Pedi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani zina mfululizo wa herufi na namba, na mwishoni herufi mbili, kwa mfano FF, GF au GG. Herufi ya kwanza inaeleza msuguano katika joto la kawaida, ya pili msuguano pedi ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55. Ukiona FE, maana yake ni kwamba pedi ile hupungua nguvu inapopata moto, na kwa gari la spoti mimi ningeirudisha rafuni papo hapo. Ila herufi hizi zina mpaka wake: kipimo hufanywa maabara kwa kipande kidogo cha inchi moja kwa inchi moja, hakifanywi kwenye gari lako. Zinakuambia tabia ya joto; hazikuambii pedi itadumu miezi mingapi.

Pedi zilizoidhinishwa Ulaya zina alama ya herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi, E1 kwa Ujerumani, E4 kwa Uholanzi, E11 kwa Uingereza, na karibu yake maandishi 90R. Alama hiyo inahusu kanuni ya R90, inayotaka pedi mbadala isitofautiane na ile ya asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika utendaji. Pedi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zinaweza kukosa alama hizi zote na bado zikawa halisi, hivyo kwa hizo utegemee namba ya sehemu na duka unaloliamini. Pedi isiyo na herufi, isiyo na alama, isiyo na namba ya toleo, na yenye boksi lililoandikwa kwa makosa ya tahajia, hiyo usiijaribu hata kwa gari la kubebea mchanga.

Pedi feki zina dalili zinazoonekana kwa macho. Nilisimama kwenye gereji moja ya Ilala fundi alipovua gurudumu la mbele la Altezza nyeupe. Mwenye gari alilalamika kwamba breki zinalia, na pedi hazikuwa na muda mrefu tangu zifungwe. Fundi alizichomoa, akaziweka juu ya tairi, akamwita mwenyewe asogee. "Kaka, tazama mwenyewe." Kipande cha kusugulia kilikuwa kimeanza kubanduka kutoka kwenye bamba, na ufa mwembamba ulizunguka kona yote ya juu. Kutu ilikuwa imejipenyeza chini yake. Fundi akabonyeza kwa ncha ya bisibisi, punje za pedi zikamwagika kama unga wa mkaa. Upande wa diski kulikuwa na madoa ya bluu, alama ya chuma kilichopata moto kupita kiasi, na ukucha wa kidole gumba ulipopita kutoka katikati kwenda nje ulikwama kwenye ukingo uliosimama. "Hii ingekubandukia barabarani," fundi akasema, "na siku hiyo ungebaki na chuma kwa chuma." Boksi la pedi zile, alivyoeleza mwenye gari, lilikuwa limeandikwa kwamba ni za seramiki.

Pedi halisi ina kipande kilichoungana na bamba bila mwanya wowote, rangi iliyopakwa sawasawa, kingo zilizokatwa kwa mshazari ili zisipige kelele, mara nyingi mfereji katikati, na bati jembamba la mgongoni lililokaa imara. Pedi nne za seti moja zinatakiwa zifanane kwa unene na rangi. Zilinganishe hapohapo juu ya meza ya muuzaji.

Hakikisha pia zinaingia. Impreza mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na kalipa tofauti kabisa: moja ina kalipa za Subaru wenyewe, nyingine, hasa STI za kuanzia miaka ya 2000, ina Brembo za pistoni nne. Kwa Altezza nako, usichukulie kwamba AS200 na RS200 zinatumia breki moja. Nenda na namba ya chesisi, au bora zaidi nenda na pedi ya zamani. Na kwa kuwa magari haya yamepita mikono mingi, usishangae kukuta mtu alishabadilisha kalipa kabla gari halijafika bandarini.

Kufunga pedi nzuri vibaya ni kupoteza fedha. Diski ipimwe kwanza. Kiwango cha chini cha unene huwa kimechapishwa kwenye diski yenyewe, kikifuatwa na milimita. Iliyoshuka chini ya hapo ibadilishwe, kwa sababu diski nyembamba haina pa kuweka joto. Pini ambazo kalipa hutelezea zisafishwe na zipakwe grisi maalumu ya kuvumilia moto, isiwe grisi ya bearingi wala oili ya injini. Pini ikikwama, pedi moja huisha ilhali ya upande wa pili bado nene, na mwenye gari hulaumu kampuni. Pedi zibadilishwe kwa ekseli nzima, kulia na kushoto pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja siku ya kukanyaga kwa dharura.

Halafu kuna kazi ambayo mafundi wetu wengi huiruka: kuzizoeza. Pedi za seramiki hushika vizuri pale ambapo zimeshaacha tabaka jembamba, lililosambaa sawa, juu ya diski. Pedi ya awali ilikuwa na tabaka lake, na mchanganyiko mwingine ukiwekwa juu yake bila kusafisha diski husababisha usukani kutetemeka, kisha mtu huambiwa diski zimepinda. Baada ya kufunga, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu asubuhi mapema. Endesha kilomita 60 kwa saa, kanyaga kwa uthabiti hadi 15 bila kusimama kabisa, ongeza mwendo taratibu, rudia mara nane hadi kumi. Kisha endesha kilomita kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Usisimame ukiwa umekanyaga pedeli wakati diski zina moto, kwa sababu pedi itaacha doa mahali hapo. Harufu kidogo siku hiyo ni ya kawaida. Moshi si wa kawaida.

Jambo moja la mazingira halipaswi kupita kimya. Majimbo ya Washington na California nchini Marekani yalitunga sheria mwaka 2010 za kupunguza shaba kwenye pedi, kwa sababu vumbi lake husombwa na mvua hadi mitoni na huwadhuru samaki. Kuanzia 2021 kikomo kilikuwa asilimia 5, na tangu 2025 ni asilimia 0.5. Watengenezaji wakubwa wamebadilisha mchanganyiko wao kufuata sheria hizo, na boksi zao huonyesha alama ya majani matatu kwa pedi zisizo na shaba. Maji ya mvua ya barabara za Ilala huishia Mto Msimbazi na hatimaye baharini, kwa hiyo ukikuta pedi mbili zenye sifa sawa na moja ina alama hiyo, chukua hiyo.

Uamuzi wangu ni huu. Kama Altezza au Impreza yako ni ya kwenda kazini, ya harusi za wikiendi na safari ya Bagamoyo au Morogoro kwa mwendo wa sheria, funga seramiki ya mtengenezaji anayejulikana, yenye FF au zaidi, pamoja na mafuta mapya ya breki, na utaifurahia. Kama unashiriki mashindano, au hujaweza kuacha tabia ya kushuka Kitonga kwa mbio, usinunue seramiki ya mjini kwa sababu tu ni ghali. Tafuta nusu chuma iliyotengenezwa kwa joto kubwa, ukubali kelele na vumbi lake. Na kama fedha ya mwezi huu inatosha kitu kimoja tu kati ya rimu mpya na pedi halisi, nunua pedi.